Pumzi ya Kiasi

Gerezani, Dar es Salaam, mafundi friji hupanga mota zao nje ya vibanda, juu ya mbao au chini kabisa mavumbini. Ni mabonge meusi ya chuma, ya mviringo, kila moja limechomoza vipande vitatu vya paipu ya shaba vilivyokatwa na kubanwa midomo. Ndani ya kila bonge mna mota ya umeme na pistoni yake, vimefungiwa humo kwa kuchomelewa, chini yao mafuta ambayo hayajaona mwanga tangu kiwandani. Kwa miaka mingi kitu hiki kilikaa nyuma ya friji ya mtu, kikitazama ukuta, kikivuta gesi na kuisukuma, kikinyamaza na kuamka tena katikati ya usiku ili maziwa ya mtoto yasichachuke na barafu za kuuza shuleni zigande. Kisha friji ikala kutu, mlango ukang'olewa, rafu zikauzwa, bati likaenda kwa wapima vyuma chakavu. Mota ikabaki. Fundi akitaka kukuonyesha kwamba bado ni nzima huunga waya mbili, akaziba paipu moja kwa kidole gumba, na baada ya muda mfupi kidole kinasukumwa kando. Humo ndani bado mna pumzi.

Nami natafuta pumzi. Jioni zangu huzitumia kuunda vyombo vidogo vya mbao: ngalawa, mashua, majahazi yenye urefu wa dhiraa moja hivi. Kazi iliyo ngumu kuliko zote ndani yake si kuchonga mkuku wala kushona tanga. Ni kuupa mti rangi ya bahari. Chombo cha kweli hupakwa shahamu chini, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama, na tumbo lake likawa jeupe. Juu ya mstari wa maji hupakwa sifa, mafuta ya papa, na mbao zikawa za kahawia, zikizidi kuiva kadiri misimu inavyopita. Kati ya weupe ule na kahawia ile hakuna mpaka mkali. Maji hupanda na kushuka, chumvi hula, jua huchoma, na rangi moja huyeyukia ndani ya nyingine. Brashi ya nywele haiwezi kuyaonyesha hayo kwenye chombo kidogo. Huacha michirizi, na kwa kipimo cha jahazi la dhiraa moja mchirizi mmoja ni mnene kuliko kamba ya nanga. Eabrashi inaweza. Ni kalamu ya chuma yenye kikombe cha rangi juu na sindano ndani yake. Tundu la nozeli lina upana wa milimita 0.2 au 0.3. Ukibonyeza kitufe, upepo hutoka. Ukikivuta nyuma taratibu, sindano hurudi, rangi hufuata upepo, nao huichana ikawa ukungu. Ukungu huo hutua juu ya mti bila chombo cha fundi kuugusa mti hata mara moja.

Usione vyaelea, vimeundwa, walisema watu waliojua jasho la gati na bandari. Kalamu yenyewe si shida tena. Hupatikana, na ukiitunza vizuri, ukaiosha kila umalizapo, hudumu. Shida ni upepo wa kuipa. Mahitaji yake ni madogo ajabu: mgandamizo wa baa 1 hadi 2, na hewa ya lita 15 mpaka 20 kwa dakika. Tairi la gari dogo barabarani hubeba mgandamizo unaozidi huo. Lakini kidogo hiki kina masharti yake. Lazima kiwe cha mfululizo, kisipungue na kuzidi ovyo, maana kila mtikisiko wa upepo huonekana ubavuni mwa jahazi. Lazima kiwe kikavu. Na mimi nimeongeza sharti la tatu ambalo halimo katika kitabu chochote cha maelekezo: kisimwamshe mtu.

Ingia madukani Kariakoo uulize kompresa, mashine ya kubana upepo, utaonyeshwa zenye tangi la lita 24, la lita 50, la lita 100, zimepakwa rangi nyekundu na bluu, zina magurudumu na mpini wa kuvutia. Muuzaji atakuuliza kwa heshima, "Mzee, una gereji?" Ni swali la haki. Mashine zile zimeundwa kwa ajili ya gereji, kwa spreigani ya kupulizia bodi nzima ya gari, kwa spana za upepo za kufungulia nati za magurudumu. Nyingi kati ya zile zisizotumia mafuta hupiga kelele ya desibeli 90 hivi. Mashine ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya eabrashi hupiga kama 47. Tofauti hiyo haisomwi kwa kutoa namba moja katika nyingine, kwa sababu kila desibeli 10 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa mara kumi. Kwa hiyo kati ya mashine hizi mbili mna tofauti ya zaidi ya mara elfu kumi. Debe tupu haliachi kuvuma, na tangi tupu la lita 50 linapoanza kujazwa saa nne usiku katika nyumba za kupanga, ambako ukuta mmoja una vitanda pande zote mbili, huvuma hadi kwa mtoto wa jirani na kwa mzee aliyekesha na kifua chake akapata usingizi sasa hivi.

Ndiyo maana maneno "bei nafuu" yamenisumbua muda mrefu kuliko bei zenyewe. Mashine ya gereji inaweza kuwa rahisi kuliko ile ndogo ya kimya, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Ile ndogo, yenye tangi la lita 3 na mota ya nguvu ya farasi moja ya tano, inayojizima ikifika baa 4 na kujiwasha ikishuka hadi baa 3, huko inakouzwa kwa wingi huwa kama dola 100 kabla ya usafiri na ushuru, na mpaka ifike mikononi mwako imekwisha kuwa kitu kingine. Lakini mashine kubwa inayoonekana rahisi hulipwa mara nyingi. Hulipwa kwa uniti za umeme wa LUKU: mota ya wati 150 hukaa zaidi ya saa sita kwa uniti moja, ya wati 1,500 haifikishi hata dakika hamsini. Hulipwa kwa nafasi ndani ya chumba ambamo kila kona ina mwenyewe. Hulipwa kwa usingizi wa watu ambao hawakuulizwa. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Chungu yule hana umaskini wowote ndani ya kifuu chake; maji yale yanamtosha kuogelea, kusafiri, hata kuzama. Anachokosa ni duka linalouza bahari kwa kipimo cha kifuu. Biashara ya mashine imejengwa kwa ajili ya mwenye kazi kubwa, na mwenye kazi ndogo huambiwa anunue kubwa aitumie kidogo.

Nikiwa katika kutafuta huku nimejikuta nikifikiri sana juu ya watu wa kale waliopuliza rangi bila kununua chochote. Katika pango la Leang Timpuseng, kisiwani Sulawesi, Indonesia, mtu aliweka kiganja chake ukutani, rangi ikapulizwa juu yake, kisha akauondoa mkono. Ulibaki mkono wa mwamba mtupu, umezungukwa na ukungu wa rangi. Watafiti walipima utando wa madini ulioota juu ya rangi ile, wakachapisha mwaka 2014 kwamba mkono huo una umri usiopungua miaka 39,900. Unapoutazama katika picha, kingo zake ndizo zinazokukamata: hazina mstari. Rangi ni nzito karibu na kidole na hufifia kadiri inavyokwenda mbali nacho. Ni kufifia kule kule ninakokutafuta kwenye mstari wa maji wa jahazi langu. Kompresa ya mtu yule ilikuwa kifua chake. Na kifua kina mipaka inayojulikana: pumzi moja ndefu ya mtu mzima hutoa lita tatu, labda nne, na nguvu ya kusukuma ni kama sehemu ya kumi ya baa. Baada ya hapo lazima avute hewa, na anapovuta, rangi husimama.

Kusimama huko ndiko kulikomtesa kila aliyewahi kufanya kazi ya upepo, na nadhani watu wa pwani yetu walipata jibu zuri kuliko wengi. Mpiga zumari katika ngoma hasimami. Sauti inatoka bila kukatika, wimbo unageuka na kurudi, wachezaji wanazunguka, na wewe unayesikiliza unaanza kuhema kwa niaba yake. Ukimtazama usoni utaiona siri: mashavu yamejaa. Anapohitaji hewa huivuta kwa pua, na katika nukta hiyo fupi mashavu ndiyo yanayosukuma akiba yao ndani ya zumari, kifua kikijaa upya. Tangi la kompresa ni mashavu ya mpiga zumari. Pistoni hupiga kwa vishindo, ile ya friji hufika kama 2,900 kwa dakika, na kila kishindo ni donge la hewa; madonge hayo yakipelekwa moja kwa moja kwenye kalamu, rangi hutoka ikitetemeka. Yakiingia kwanza ndani ya tangi hupotezana humo, na kinachotoka upande wa pili, kikishapita kwenye regyuleta inayosawazisha mgandamizo, ni mkondo mmoja uliotulia. Kwa hiyo mtu mwenye fedha kidogo akiniuliza aanzie wapi, nitamwambia kwanza atafute tangi. Mota dhaifu yenye tangi itampa mstari mzuri kuliko mota kali isiyo nalo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikishajaa hakitoi tena haba, hutoa mfululizo.

Bara nako walikuwa na elimu yao ya upepo. Wahaya wa Kagera, magharibi mwa Ziwa Nyanza, waliyeyusha chuma katika matanuri wakitumia mivukuto ya ngozi, na mabomba ya udongo yaliyopeleka upepo yaliingizwa ndani sana ya tanuri, hivi kwamba hewa iliwahi kupata moto kabla haijafika kwenye makaa. Peter Schmidt na Donald Avery waliandika habari hizo mwaka 1978, baada ya wazee waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo kuwasha tanuri tena mbele yao. Kusini-magharibi, Ufipa, walifanya kinyume: walijenga malungu, matanuri marefu ya udongo yanayozidi kimo cha mtu, yenye matundu chini, na urefu wenyewe ukavuta upepo bila mvukuto na bila mtu wa kuvukuta. Huwa najiuliza ni nani wa kwanza kukaa pale Ufipa akiwatazama vijana wanaochoka kwa kuvukuta, akasema kwamba upepo unaweza kuitwa badala ya kusukumwa. Fikra ya namna hiyo haitokani na kuwa na vingi. Hutokana na kukitazama kitu kimoja kwa muda mrefu sana.

Eabrashi yenyewe ilizaliwa katika mji mdogo. Abner Peeler wa Webster City, jimbo la Iowa, Marekani, aliunda chombo cha kutawanya rangi kwa upepo mwaka 1879. Wengine wakakiboresha na kukiuza, na mwaka 1893 Charles Burdick akaleta umbo lililo karibu na kalamu tunazoshika leo. Wachoraji wa wakati huo hawakungoja umeme. Walikanyaga pampu kwa mguu huku mkono ukichora, mwili mzima ukiwa mashine. Kazi kubwa ya chombo hicho ilikuwa kurekebisha picha za watu: kulainisha shavu, kuongeza kivuli nyuma ya kichwa, kumrudishia marehemu wepesi wa macho ambao kamera ya zamani iliushindwa. Upole wake huo huo ulitumika kwa uovu. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri wa Stalin, alipigwa picha akitembea kando ya bosi wake kwenye mfereji wa Moscow. Alipouawa mwaka 1940 akatolewa katika picha ile, na mahali pake pakawekwa maji. Hakuna mstari wa kuonyesha alipokuwa. Kitu kinachoweza kuficha mpaka kati ya rangi mbili kinaweza pia kuficha mpaka kati ya kuwepo na kutokuwepo, na nadhani kila anayekishika afaa kulijua hilo.

Turudi kwenye unyevu, maana hapa kwetu unyevu si jambo dogo. Hewa ya Dar es Salaam wakati wa masika ina maji mengi. Ukiikusanya na kuibana ndani ya tangi hupata joto, kisha hupoa, na hewa iliyobanwa haiwezi kubeba mvuke wote iliokuja nao. Maji huanguka. Mashine inayovuta lita 20 kwa dakika, hewa ikiwa ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, na tangi likiwa na baa 4, itakuwa imedondosha karibu gramu 20 za maji kwa saa moja ya kazi: vijiko vinne vya chai, kutoka kwenye hewa uliyodhani ni kavu. Usipokuwa na chujio la maji njiani, na usipofungua koki ya chini ya tangi kila umalizapo, maji hayo yatapita kwenye mpira hadi kwenye kalamu, na katikati ya ubavu uliokuwa unakwenda vizuri patatokea doa moja la duara, rangi imekimbia pembeni. Anayeandika maelekezo akiwa katika nchi za baridi na ukame hulitaja jambo hili kwa sentensi moja na kupita. Sisi tunaoishi kando ya bahari hatuwezi kupita.

Nairobi nimewatazama mafundi wanaopaka matatu. Wale wana haki kamili ya mashine kubwa. Ubavu wa basi una mita nyingi za bati, sura ya mwanamuziki inapakwa kubwa kuliko mlango, na kompresa inavuma mchana kutwa kati ya vishindo vya nyundo bila kumkera yeyote. Kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2004 ziliyarudisha magari yale kwenye rangi moja na mstari wa manjano, na michoro ikanywea. Miaka kumi baadaye Rais Uhuru Kenyatta akatamka kwamba vijana waachwe wapambe. Kilichonigusa ni jinsi kijana aliyebeba eabrashi pale anavyoupima upepo: hatazami geji. Huupuliza kwenye mgongo wa mkono wake wa kushoto, akaongeza au kupunguza, kisha akarudi kwenye jicho la mwanamuziki alilokuwa analimalizia. Ngozi yake imekuwa kipimo. Yule anakula kwa kazi hiyo, watoto wake wanasoma kwa kazi hiyo, na hakuna atakayemuuliza kwa nini alinunua kompresa.

Mimi huulizwa. Nyumbani huulizwa kwa upole, dukani kwa mshangao, na watu wote huuliza swali moja: mashine hiyo itakuingizia nini? Nimelichukua swali hilo kwa uzito wake wote, kwa sababu wanaoliuliza wananipenda, na kwa sababu shilingi inayotoka katika nyumba yenye ada za shule huwa imetoka mahali fulani. Hakuna fedha isiyo na kazi. Ninapohesabu bei ya tangi, nahesabu pia viatu. Na bado sikubali kwamba mkono wa mtu wa kipato cha kawaida umepewa ruhusa ya kutafuta tu, kwamba kila kinachopita vidoleni mwake lazima kirudi na faida, na kwamba kuunda kitu kwa sababu ni kizuri ni haki ya wenye nafasi. Pwani hii haikujengwa hivyo. Mtepe, chombo cha kale cha Lamu na visiwa vyake, kilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, kikabeba boriti na mizigo ya watu ambao hawakuwa matajiri, na bado waundaji wake walichora macho kwenye omo. Jicho halikuzuia maji kuingia. Halikuongeza mwendo. Mtu aliyekwisha choka kwa kushona mbao alisimama mbele ya chombo chake, akaona hakijamalizika, akaenda kutafuta rangi. Watoto wetu wanaounda magari ya waya na magurudumu ya malapa hawaulizwi yataingiza nini. Sijui ni katika umri gani swali hilo huanza, na ni nani aliyetoa amri lianze.

Kwa sababu hiyo nafuu ninayoitafuta ina maana zaidi kwangu kuliko ubahili. Nataka kitu kisichomnyang'anya mtu mwingine: si viatu vya mtoto, si usingizi wa jirani. Nimezipima njia nyingine. Ipo ya tairi: unachukua spea ya gari dogo, unaijaza kwa fundi pancha mpaka baa 2, unafunga kiungo kwenye valvu yake na kuipa kalamu. Ni kimya kabisa, haitaki umeme, na inafaa kwa majaribio. Lakini kutoka baa 2 hadi baa 1 tairi hilo litakupa hewa ya lita thelathini na kitu tu, yaani dakika mbili hivi, na mgandamizo unashuka muda wote. Upo mtungi wa kaboni dayoksaidi, ule wanaoutumia wauza soda za mashine. Gesi yake ni kavu na haitetemeki, wala haina sauti. Mchoraji mwenye mtungi huo na dirisha wazi ana kila anachohitaji, ila atakuwa anaurudisha kujazwa maisha yake yote, na katika chumba kilichofungwa gesi hiyo ni hatari. Kizuri chajiuza, kweli, lakini uzuri wa kitu huonekana baada ya mwaka, muuzaji akiwa amekwisha kukusahau.

Ndipo ninaporudi kwenye yale mabonge meusi ya Gerezani. Bei yake ni sehemu ndogo ya ile ya mashine mpya, na kwa ukimya hakuna kinachoyapita. Yalizaliwa ili yakae ndani ya nyumba za watu waliolala. Lakini nayo yana masharti, na fundi mwaminifu atakueleza bila kuficha. Chukua mota kutoka kwenye friji ambayo gesi yake imekwisha kutoka yenyewe, au itolewe na mwenye vifaa vya kuikusanya, isikatwe tu paipu ikaachiwa hewani. Gesi ya R134a, iliyomo katika friji nyingi za mitumba, huongeza joto la dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito ule ule, nayo ni mojawapo ya zile ambazo mataifa yalikubaliana kuzipunguza kwa mapatano ya Kigali ya mwaka 2016. Friji mpya zaidi hubeba R600a, ambayo huwaka moto. Hewa itokayo kwenye mota hubeba chembe za mafuta, kwa hiyo chujio linahitajika mara mbili, la maji na la mafuta. Mota hii hupata moto ikifanya kazi mfululizo, kwa kuwa gesi baridi iliyokuwa ikiipoza haipo tena. Na haipendi kuwashwa paipu ikiwa imejaa upepo: huguna, hushindwa kuzunguka, hujizima. Lazima upepo ulio kati yake na tangi uachiwe kwanza.

Kuna sharti moja zaidi ambalo silegezi. Mota ya friji haijui baa 4. Iliundwa kuisukuma gesi kwa mgandamizo mkubwa kuliko huo mara kadhaa, na swichi ya kuizima ikigoma itaendelea kujaza, kwa utulivu ule ule, bila kupandisha sauti, mpaka kitu kiachie. Mafundi hutengeneza tangi kwa mtungi mtupu wa kuzimia moto, ambao angalau uliundwa kubeba mgandamizo, lakini maji ya masika huula kwa ndani mahali ambapo jicho halifiki. Wengine hutumia paipu za plastiki za maji, nami naomba mtu asifanye hivyo kamwe: zikipasuka hutawanya vipande. Kwa hiyo hesabu yangu sasa imekaa hivi. Mota ni ya mtumba, ya bonge nililoliona likimsukuma fundi kidole. Swichi ya mgandamizo itatoka kwenye kompresa iliyokufa, ikipimwa kwanza. Mpira na viungo nitavichagua mezani, kimoja kimoja. Tangi litajazwa maji na kupimwa kwa pampu ya mkono, maana maji hayalipuki. Valvu ya usalama, ile ndogo ya shaba nyeupe yenye pete ya kuvutia, inayofunguka yenyewe mgandamizo unapozidi, hiyo nitaagiza mpya, na mpaka ifike mota itakaa chini ya meza bila kuunganishwa.